Kumbukumbu ya Muda Mfupi: Maana Yake, Mipaka Yake na Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu akisema "siku hizi sina kumbukumbu ya muda mfupi", mara nyingi anazungumzia kitu kingine kabisa. Amesahau alikoweka funguo jana, au mzazi wake anauliza swali lile lile kila baada ya robo saa. Kumbukumbu ya muda mfupi ni mambo ya sekunde. Mambo haya yakichanganywa kuna wanaoumia: mwanafunzi anayeitwa mzito wa kuelewa, na mzee anayeambiwa "ni umri tu" wakati alipaswa kupelekwa kwa daktari. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye tofauti hiyo.

Kumbukumbu ya muda mfupi ni nini hasa?

Ni uwezo wa akili kushika taarifa chache, zikiwa wazi na tayari kutumika, kwa kitambo kidogo sana. Mtu anakutajia namba ya simu, nawe unaishika mpaka umalize kuibonyeza. Unasoma sentensi ndefu, na maneno ya mwanzo lazima yaendelee kuwepo akilini mpaka ufike kwenye nukta, la sivyo hutaelewa kitu. Unaelekezwa njia, na kona ya kwanza isikutoke huku ukisikiliza ya tatu.

Mwanasaikolojia wa Marekani William James aliitenga tangu mwaka 1890. Kwake, jambo ambalo bado liko mbele ya fahamu halijaondoka, kwa hiyo halihitaji kurudishwa. Kumbukumbu ya kawaida ni ile inayolirudisha jambo lililokwisha kuondoka. Mwaka 1968 Richard Atkinson na Richard Shiffrin waliipa fikra hiyo umbo linalofundishwa hadi leo: taarifa hupitia kwenye milango ya hisi, chache kati yake hushikwa kwa muda mfupi, na baadhi ya hizo huingia kwenye hifadhi ya muda mrefu. Mengi yamerekebishwa tangu wakati huo, lakini mgawanyo wenyewe umedumu.

"Muda mfupi" ni muda gani?

Ukiachwa utulie ukiirudiarudia namba kimoyomoyo, unaweza kuishika kwa dakika kadhaa. Ukizuiwa kuirudia, sekunde zinahesabika.

Jaribio linalojulikana zaidi ni la Lloyd na Margaret Peterson, mwaka 1959. Walimpa mtu konsonanti tatu, kisha wakampa namba kubwa na kumtaka aanze papo hapo kuhesabu kurudi nyuma kwa kutoa tatu tatu. Kazi ya kuhesabu ilimnyima nafasi ya kurudia zile herufi. Baada ya sekunde 18, washiriki walizikumbuka kwa usahihi takriban mara moja kati ya kumi. Herufi tatu tu, na hata nusu dakika haijaisha! John Brown wa Uingereza alikuwa ameonyesha jambo la aina hiyo mwaka mmoja kabla.

Kwa hiyo nikisahau mazungumzo ya asubuhi, kumbukumbu yangu ya muda mfupi ina hitilafu?

Hapana. Mazungumzo ya asubuhi, chakula cha jana, mahali ulipoegesha gari saa mbili zilizopita, hata jambo uliloambiwa dakika kumi zilizopita kisha ukafanya mengine, yote hayo yako upande wa kumbukumbu ya muda mrefu. Ni ya muda mrefu lakini ni mapya. Ukiyakosa, basi ama hayakuingia vizuri, ama yameingia lakini hupati pa kuyashikia uyavute.

Lugha ya mitaani, na wakati mwingine hata ya hospitalini, huviita vyote "muda mfupi". Nafahamu kwa nini, maana mambo ya jana ni mafupi ukiyalinganisha na ya utotoni. Lakini ukitaka kujua ni nini hasa kinachosumbua, tofauti hii ndiyo ya kuanza nayo.

Tunajuaje kwamba ni mifumo miwili, na si mmoja wenye nguvu tofauti?

Ushahidi mkubwa ulitoka kwa wagonjwa, na wa kwanza kati yao anastahili maelezo marefu kidogo.

Henry Molaison, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1926, alikuwa na kifafa kikali kisichosikia dawa. Mwaka 1953 daktari wa upasuaji William Scoville alimtoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, karibu na masikio, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, yaani sehemu ya ubongo inayoingiza kumbukumbu mpya. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za maisha yake. Alisoma gazeti lile lile kana kwamba ni jipya. Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka mingi, ilimbidi ajitambulishe kila walipokutana.

Na bado, ukimtajia tarakimu sita akurudishie papo hapo, alizirudisha kama mtu yeyote. Siku moja Milner alimwomba aishike namba 584. Alipoulizwa baada ya dakika 15 aliitaja bila kusita, akaeleza alivyofanya: unakumbuka 8 tu, 5, 8 na 4 jumla yake ni 17, toa 8 inabaki 9, igawe mara mbili, unapata 5 na 4. Muda wote ule alikuwa akiizungusha namba hiyo kichwani bila kuiachia. Mazungumzo yakageukia jambo jingine, na punde si punde hakukumbuka namba wala kwamba aliwahi kupewa namba yoyote. Hapo ndipo mpaka unapoonekana waziwazi: cha muda mfupi kilikuwa kizima, na mlango wa kuelekea cha muda mrefu ulikuwa umefungwa. Molaison alifariki mwaka 2008, na mchango wake katika elimu ya ubongo hauna mfano.

Kisha akapatikana mgonjwa wa kinyume chake. Elizabeth Warrington na Tim Shallice wa Uingereza walimweleza mtu anayejulikana kwa herufi K.F., aliyeumia upande wa kushoto wa ubongo katika ajali ya pikipiki. Aliposomewa tarakimu alirudisha moja, pengine mbili. Lakini kujifunza mambo mapya na kuyakumbuka baadaye hakukumshinda. Kama mfumo ungekuwa mmoja, wagonjwa hawa wawili wasingewezekana.

Tunaweza kushika vitu vingapi kwa wakati mmoja?

Utasikia "saba". Idadi hiyo ilienezwa na George Miller katika makala yake ya mwaka 1956, aliyesema saba, kuongeza au kupunguza mbili. Ni kweli kwamba mtu mzima wa kawaida hurudisha tarakimu zipatazo saba akisomewa moja moja. Joseph Jacobs alikuwa akipima uwezo huo huko London tangu mwaka 1887.

Lakini saba hiyo ina msaada ndani yake. Mtu husaidiwa na kurudiarudia kimoyomoyo, na husaidiwa na kuunganisha tarakimu mbili tatu bila hata kujijua. Mwaka 2001 Nelson Cowan alipitia majaribio ambayo msaada huo ulizibwa, akaona idadi inashuka hadi vitu vinne hivi, kati ya vitatu na vitano. Ukiniuliza mimi, nne ndiyo idadi ya kuipangia kazi. Anayeandaa somo, fomu au maelekezo kwa kutegemea saba anawabebesha watu mzigo ambao wengi wao wataudondosha.

Neno "fungu" linalotajwa kila mara lina maana gani?

Hili ndilo jambo lenye faida kuliko yote katika mada hii, kwa hiyo lijaribu mwenyewe. Soma tarakimu hizi mara moja tu, polepole, kisha ufumbe macho uzirudie:

1 9 1 4 1 9 4 5 1 9 6 9

Ni kumi na mbili, na zinazidi uwezo wa karibu kila mtu. Sasa zitazame tena: 1914, 1945, 1969. Mwaka Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, mwaka vya Pili vilipokwisha, mwaka binadamu alipokanyaga mwezini. Tarakimu ni zile zile, lakini sasa una vitu vitatu tu vya kushika, na ungeweza kuongeza mwaka mwingine bila taabu.

Kwa hiyo ukomo wa kumbukumbu ya muda mfupi unahesabiwa kwa mafungu, na ukubwa wa fungu unategemea unachokijua tayari. Asiyejua miaka hiyo hana mafungu matatu, ana tarakimu kumi na mbili.

William Chase na Herbert Simon walilionyesha hili kwa sataranji mwaka 1973. Mchezaji bingwa alipotazama kwa sekunde tano ubao uliotoka katikati ya mchezo halisi, aliweza kurudisha mahali pake kete zipatazo 16. Anayeanza alirudisha nne hivi. Kisha kete zikapangwa ovyo, bila mantiki ya mchezo, na ubingwa ule ukayeyuka. Wote wawili wakawa karibu sawa. Bingwa hakuwa na kichwa kipana zaidi. Alikuwa na miaka ya mchezo iliyomwezesha kuona kete tano kama kitu kimoja.

Walimu wanisikilize hapa. Mtoto anayesoma herufi moja moja ana vitu vitano vya kushika katika neno "shule". Mwenzake anayelisoma neno zima ana kimoja, na nafasi iliyobaki anaitumia kuelewa sentensi. Tofauti hiyo inatokana na mazoezi. Ni dhuluma kuiita akili.

Mbona kuna watu wanaoweza kukariri tarakimu themanini?

Wapo, na mmoja alitengenezwa mbele ya macho ya watafiti. Anders Ericsson, William Chase na Steve Faloon waliripoti mwaka 1980 kuhusu mwanafunzi wa chuo aliyeanza na tarakimu saba kama mtu wa kawaida. Baada ya mazoezi ya saa zipatazo 230, yaliyosambaa katika mwaka mmoja na nusu na zaidi, alifikia 79.

Alikuwa mkimbiaji. Akisikia 3, 4, 9, 2 aliishika kama dakika 3 na sekunde 49.2, muda wa maili moja uliokaribia rekodi ya dunia ya wakati huo. Kila tarakimu nne zikawa muda wa mbio, na nyakati za mbio nazo akazipanga katika makundi makubwa zaidi. Alipobadilishiwa akapewa herufi badala ya tarakimu, alirudi kwenye sita. Mbinu ilikuwa imekua. Kumbukumbu yake ya muda mfupi ilikuwa palepale.

Kwa nini orodha ya maneno marefu ni ngumu kuliko ya maneno mafupi?

Kwa sababu sehemu kubwa ya kushika maneno hufanywa kwa sauti ya ndani. Jaribu "moto, jiwe, kuku, dawa, mlima" kisha "mwanasaikolojia, mfanyabiashara, kiunganishi, mhasibu mkuu, maendeleo". Idadi ni sawa, uzito si sawa. Alan Baddeley na wenzake walikadiria mwaka 1975 kwamba tunashika takriban kile tunachoweza kukitamka katika sekunde mbili. Mwenye kutamka haraka hushika zaidi kidogo.

Sauti hiyo ya ndani hufanya kazi hata kwa vitu tunavyoviona. Mwaka 1964 R. Conrad aliwaonyesha watu herufi kwa macho tu, na walipokosea walizichanganya zile zinazofanana kwa matamshi, si zinazofanana kwa umbo. Na ukimlazimisha mtu atamke "na, na, na" mfululizo huku akisoma orodha, uwezo wake unashuka mara moja.

Je, ni kitu kimoja na kumbukumbu tendaji?

Vinakaribiana mno, na wengine huyatumia majina hayo kwa kubadilishana. Kumbukumbu ya muda mfupi ni kushika. Kumbukumbu tendaji ni kushika huku unafanyia kazi kile ulichoshika.

Piga kichwani 47 mara 6. Arobaini mara sita ni 240, ishike hiyo. Saba mara sita ni 42. Sasa irudie ile ya kwanza uijumlishe: 282. Ukikosea, angalia ulipokosea. Mara nyingi hesabu haikukushinda, ila 240 iliponyoka wakati ukitafuta 42. Mtoto anayeshindwa hesabu za kichwani lakini akazimaliza vizuri akipewa karatasi anatuonyesha jambo hilo hilo.

Baddeley na Graham Hitch walipendekeza mwaka 1974 kwamba kumbukumbu tendaji ina sehemu kadhaa: moja ya sauti na maneno, moja ya picha na mahali, na msimamizi anayegawa umakini. Mwaka 2000 Baddeley aliongeza sehemu ya nne, inayounganisha vyote kuwa tukio moja. Ndiyo sababu unaweza kuendesha gari barabara unayoijua huku ukizungumza, lakini huwezi kusikiliza watu wawili wakikupa maelekezo kwa pamoja.

Na picha tunazoziona?

Kwanza kuna kivuli cha jicho kinachodumu chini ya sekunde moja. George Sperling mwaka 1960 aliwaonyesha watu herufi 12 katika safu tatu kwa kufumba na kufumbua, nao wakataja nne hivi. Lakini alipopiga mlio mara tu herufi zilipotoweka, kuwaambia wataje safu ipi, walitaja tatu kati ya nne za safu yoyote. Maana yake nyingi zilikuwepo bado. Zilikuwa zikififia wakati wakiendelea kuzitaja. Baada ya kivuli hicho, vinavyobaki akilini ni vitu vitatu au vinne, kiasi kile kile alichokitaja Cowan.

Vinapotea kwa kufifia au kwa kusukumwa na vingine?

Mjadala huu haujafungwa. Naegemea upande wa kusukumwa, kwa sababu ya jambo moja lililoonekana ndani ya majaribio ya aina ya Peterson. Geoffrey Keppel na Benton Underwood walitazama mwaka 1962 zamu ya kwanza pekee ya kila mshiriki, wakakuta karibu hakuna aliyesahau, hata baada ya sekunde 18. Kusahau kulianza zamu zilizofuata, herufi za awali zilipoanza kugongana na mpya. Kama muda wenyewe ndio ungekuwa unafuta, zamu ya kwanza isingesalimika.

Inakaa sehemu gani ya ubongo?

Haina chumba kimoja. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, hushirikiana na maeneo ya pembeni na ya nyuma yanayoshughulikia sauti na picha. Joaquín Fuster na Garrett Alexander waliripoti mwaka 1971 kwamba kuna seli za sehemu ya mbele katika ubongo wa nyani zinazoendelea kuwaka wakati mnyama anasubiri huku akishika jambo akilini. Hipokampasi kazi yake kubwa ni kuingiza mapya kwenye hifadhi ya kudumu, na ndiyo aliyoikosa Molaison.

Nikiirudia namba mara nyingi, itaingia kwenye kumbukumbu ya kudumu?

Si lazima. Kurudia tupu kunaishikilia pale ilipo. Fergus Craik na Michael Watkins walionyesha mwaka 1973 kwamba muda ambao neno limekaa likirudiwarudiwa hautabiri kama litakumbukwa baadaye.

Kinachoingiza ni kuliunganisha jambo na unachokijua, na kujilazimisha kulitoa kichwani bila kuangalia. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima hili mwaka 2006. Waliosoma kifungu na kukirudia kukisoma walifanya vizuri zaidi walipoulizwa baada ya dakika tano. Waliosoma kisha wakajiuliza wenyewe walishinda kwa mbali baada ya wiki. Wanafunzi wengi hujipima dakika ile ile wanapofunga daftari, wakaridhika, na hapo ndipo wanapodanganyika. Wanachokipima ni kitu ambacho bado hakijaondoka akilini.

Kwa nini nakumbuka vitu vya mwisho kwenye orodha?

Kwa sababu bado umevishika. Murray Glanzer na Anita Cunitz waliwafanya watu wahesabu kwa sekunde 30 kabla ya kuulizwa, mwaka 1966, na faida ya vitu vya mwisho ikapotea. Vya mwanzo vilibaki, maana vilipata muda wa kuingia ndani zaidi.

Naingia chumbani nasahau nilichofuata. Ni dalili mbaya?

Kwa kawaida hapana. Nia ya kufuata kitu ni jambo jepesi lililoshikwa kwa muda, na njiani umefikiria mengine matatu. Gabriel Radvansky na wenzake waliripoti mwaka 2011 kwamba kuvuka mlango kwenyewe huchangia, kwa kuwa akili hufunga tukio moja na kufungua jingine. Majaribio ya baadaye yameona athari hiyo ni ndogo, na hujitokeza hasa mtu akiwa tayari ana mengi kichwani. Kurudi ulikotoka husaidia, maana vitu vilivyokupa lile wazo bado viko pale.

Wasiwasi na kukosa usingizi vinaathiri?

Sana. Wasiwasi huchukua nafasi ile ile chache: ukiwa na "nitafeli, nitafeli" kichwani, umebakiwa na nafasi pungufu ya kushika swali la mtihani. Kukosa usingizi hudhoofisha umakini, na bila umakini hakuna kinachoshikwa. Pombe nayo, na baadhi ya dawa za usingizi na za mzio. Watu wengi wenye umri mdogo wanaohofia kwamba wanapoteza kumbukumbu wamechoka, wana msongo, au wanakatizwa na simu kila dakika. Wakipata nafuu ya hayo, kumbukumbu nayo hurudi.

Watoto wana uwezo gani?

Mdogo kuliko watu wazima wanavyodhani. Mtoto wa miaka mitano hurudisha tarakimu nne hivi; hufikia kiwango cha mtu mzima katikati ya ujana. Tena watoto wengi walio chini ya miaka saba hawajaanza kurudiarudia kimoyomoyo kwa hiari yao. Ukimwambia mtoto wa umri huo "nenda chumbani, vua viatu, nawa mikono, lete daftari na umwite dada yako", akaja na daftari tu, hajakaidi. Umempa zaidi ya anachoweza kushika.

Mama yangu anakumbuka mambo ya utotoni lakini ya asubuhi hayakumbuki. Hiyo si kumbukumbu ya muda mfupi?

Najua swali hili huulizwa kwa hofu, kwa hiyo nijibu kwa uangalifu. Kinachoonekana kusumbua hapo ni uwezo wa kuingiza kumbukumbu mpya. Katika ugonjwa wa Alzheimer huo ndio huguswa mapema, na huenda mama akarudisha tarakimu sita bila shida huku hakumbuki kwamba mgeni alikuja. Ndiyo maana daktari humtajia mgonjwa maneno matatu, akampa shughuli nyingine kwa dakika chache, kisha akayauliza. Kuyarudisha papo hapo kunapima jambo moja, na kuyakumbuka baadaye kunapima jingine.

Uzee wa kawaida una sura tofauti. Kurudisha tarakimu kama zilivyotajwa hupungua kidogo tu. Kinachopungua zaidi ni kuzishughulikia, kama kuzitaja kuanzia mwisho, na kasi ya kufikiri. Jina linachelewa kisha linakuja lenyewe baadaye.

Usikubali kuambiwa "ni umri" kabla hajapimwa. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi ipasavyo, sonona, maambukizi na mchanganyiko wa dawa huweza kuleta hali inayofanana na hiyo, na mengi ya hayo yanatibika.

Ni lini hali ya kusahau inahitaji daktari upesi?

Ikianza ghafla. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kukiambatana na mdomo kwenda upande, mkono au mguu kulegea, au maneno kutotoka sawasawa, huenda ni kiharusi, na kila dakika ina thamani. Baada ya kugonga kichwa pia, hata kama hakuna damu. Ipo pia hali ambapo mtu mwenye akili timamu anaanza ghafla kuuliza "tuko wapi, tumefikaje hapa" tena na tena, bila kushika jibu. Mara nyingi huisha ndani ya saa 24, lakini apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana aliye nyumbani hawezi kuitofautisha na kitu kibaya zaidi.

Inayokuja taratibu nayo isipuuzwe ikiwa mtu anapotea njia anazozijua, anashindwa kazi aliyoifanya miaka yote, au anarudia swali ambalo amejibiwa punde.

Michezo ya kukuza kumbukumbu kwenye simu inasaidia?

Inakufanya uwe hodari wa mchezo huo. Mwaka 2008 utafiti wa Susanne Jaeggi na wenzake ulitia watu matumaini makubwa kwamba mazoezi ya kumbukumbu tendaji huinua akili kwa jumla. Tafiti nyingi zilizofuata zilipojumlishwa, faida ilibaki kwenye kazi zinazofanana na mazoezi yenyewe. Kumbuka yule mkimbiaji na tarakimu zake 79. Muda ule ule ukiutumia kuijua kazi yako kwa kina utakupa mafungu makubwa mahali unapoyahitaji.

Nimpe vipi maelekezo mtu mwenye kumbukumbu ya muda mfupi iliyo finyu?

Taja hatua mbili, subiri zifanyike, kisha utaje nyingine. Weka jambo la lazima mwanzoni, wala usilifiche katikati ya maelezo. Namba ndefu igawe kwa tatu tatu au nne nne unapoitamka, ukinyamaza kidogo kati ya fungu na fungu. Mwombe akueleze kwa maneno yake atakachofanya, kuuliza "umeelewa?" hakupimi chochote, kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo. Usimkatize akiwa katikati ya hesabu au ya kunakili, hata kwa jambo la sekunde mbili, maana akirudi ataanzia mwanzo. Na kama hata hatua mbili zinamzidi, ziandike, kisha ubandike karatasi mahali kazi yenyewe inapofanyikia, ili asilazimike kuzibeba kichwani kutoka chumba kimoja hadi kingine.